Moshi wa Ng'hambala

Kijiji cha Ng'hambala kilikuwa kimeshiba. Nililijua hilo kwa uhakika, maana mimi ndiye niliyebuni njia ya kulijua.

Nilifika saa saba mchana, jua la utosi, kanga mbili begani kwa ajili ya msiba na kompyuta mkobani kwa sababu ya mazoea. Mzee Malogo, mume wa mama yangu mdogo, alikuwa amezikwa asubuhi ile kabla sijafika. Gari la Taasisi ninakofanya kazi lilinishusha chini ya nguzo. Kila kijiji kina nguzo yake siku hizi, ya chuma, ndefu kuliko mnara wa kanisa, kichwani ina jicho jeusi na chini ya jicho kuna taa moja. Taa ikiwa nyekundu, kijiji kina njaa na malori ya unga yanakuja kila asubuhi. Ikiwa ya njano, kijiji kinaangaliwa. Ikiwa ya kijani, watu wanakula na serikali haina haja ya kujisumbua. Taa ya Ng'hambala ilikuwa ya kijani mwaka wa nne mfululizo. Ng'ambo ya bonde, kijijini Mlazo, ilikuwa nyekundu.

Nguzo hunusa moshi. Nilipokuwa nasoma shahada ya uzamivu, wachumi walikuwa wamechoshwa na madodoso. Unamuuliza mtu jana amekula nini, anakujibu anachodhani wewe unataka kusikia, na ukirudi kesho anakupa jibu jingine. Mimi nikasema, tusiwaulize watu, tuyaulize majiko yao. Moto umewaka muda gani, umetoa joto kiasi gani, chungu kimetoa mvuke kiasi gani. Ukishajua hayo unakadiria chakula kilicholiwa katika kila kaya bila mtu kufungua kinywa. Kikaitwa Kipimo cha Moshi. Serikali ikakipenda, ikakiunganisha na Mizani, mashine inayoamua nani apate unga, nani apate mbegu, bomba la kijiji gani lifunguliwe. Baadaye ikapita sheria kwamba neno la mtu si ushahidi tena mbele ya Mizani, ili diwani yeyote asije akalia njaa na kula unga wa wenzake. Siku sheria inapita tulipiga makofi. Mimi nilipiga nikiwa nimesimama.

Kwa hiyo nilipoona moshi ukitoka katika kila paa la tembe, moyo ulitulia. Nikaingia msibani.

Kilichonishangaza kwanza ni ukimya. Kwetu msiba hulia, na wanawake hupokezana kilio mpaka jioni. Pale watu walikuwa wamekaa tu, wameegemea ukuta, midomo mikavu. Nilitoa pole, nikapokea pole, kisha nikaenda jikoni kusaidia kupakua, nisije nikasemwa kwamba mjini kumenigeuza mgeni. Kulikuwa na vyungu viwili vikubwa vinatokota. Nikafunua cha kwanza. Yalikuwa maji, safi kabisa, na jani moja la mlenda mkavu likizunguka juu yake. Nikafunua cha pili. Hicho hakikuwa hata na jani.

"Funika," mama mdogo Nyemo alisema kutoka mlangoni. "Funika, Seche. Watu wataona."

"Mama, chakula cha msiba kiko wapi?"

"Watu wote hawa wamesema wameshakula makwao. Na mimi nimewaambia chakula kinaiva. Tumeheshimiana vizuri, sasa wewe usituharibie."

Nilifunika. Mvuke ulikuwa umeniunguza kidole sikusikia.

Mama mdogo aliingia, akaketi kwenye kigoda, akasukuma kuni ndani. Alikuwa amepungua mpaka bangili yake ya shaba ilikuwa imepanda karibu na kiwiko ili isianguke. "Nyumba isipotoa moshi mpaka jua limepinduka, jirani hufanya nini?" aliniuliza.

"Huleta unga." Nililijua hilo tangu utoto. Hakuna anayefundishwa, mtu anakua nalo tu.

"Basi. Hata kama amebakiwa na kikombe, ataleta nusu, na huwezi kumkatalia. Mendeo hapo jirani ana wajukuu watatu na hicho kikombe. Nikizima moto wangu, namnyang'anya. Yeye akizima wake, ananinyang'anya mimi. Kwa hiyo tunawasha. Kila mtu anamhurumia mwenzake."

"Tangu lini?"

"Hapa kwangu, tangu mavuno ya mwaka juzi yalipokosekana. Wengine walitangulia."

"Na mzee? Mzee amekufa kwa ugonjwa gani?"

Alinitazama. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililonivunja. "Msomi ni wewe, mwanangu," alisema.

Nilitoka nje nikaenda nyuma ya zizi lisilo na mifugo. Nilikuwa nimeukumbuka mchoro. Katika tasnifu yangu, ukurasa ambao kila mtu huunukuu, kuna mstari wa moshi wa Ng'hambala katika mwaka wa ukame mkubwa. Mvua inapungua, mavuno yanapungua, moshi haushuki hata kidogo. Kwa kweli unapanda. Profesa mmoja aliniuliza siku ya utetezi, huu moshi unatoka wapi? Nikamjibu kwa neno lililonipa tuzo na kazi na ofisi yenye zulia. Nikasema, ni ustahimilivu. Tangu siku hiyo kuna kibao cha serikali kwenye njia ya kuingia kijijini, chenye maandishi meupe: NG'HAMBALA, KIJIJI STAHIMILIVU. Nilipiga picha kando yake.

Na Mlazo? Watu wa Mlazo ni ndugu zetu, wamelelewa kama sisi, binti yake Mendeo ameolewa kule. Tofauti ni kwamba msitu wao uliungua mwaka juzi. Walikosa hata kuni za kudanganyana, nguzo ikaona, wakaletewa unga na kuni juu yake, na moshi wa msaada hauhesabiwi. Walipona kwa sababu walikosa moto.

*

Mkurugenzi wa Taasisi, Bwana Kiondo, alinisikiliza mpaka mwisho bila kugusa chai yake. Ni mtu mpole. Sitaki mtu adhani alikuwa na pembe.

"Una uhakika, Dokta?"

"Nimefunua vyungu kumi na saba, nyumba kwa nyumba. Nimeona kwa macho yangu."

"Macho yako si ushahidi," alisema kwa upole. "Kifungu cha nne."

"Najua kifungu cha nne."

"Basi unajua pia njia iliyobaki." Aligeuza kioo cha kompyuta ya mezani kikanielekea. Mwenye kipimo anaweza kukisimamisha mwenyewe kipimo chake kwa kuweka kidole gumba na jina. Kipimo kikisimama, Mizani inabaki haioni chochote. Haiwezi kugawa kitu isichokiona, kwa hiyo inasimamisha ugawaji nchi nzima, inatuma wapimaji wa miguu kila kijiji, inajifunza upya. Siku ishirini na moja. Hazipungui, kwa sababu tuliogopa mtu asije akaiharakisha kwa rushwa.

"Vijiji vyenye taa nyekundu leo ni mia mbili na kumi na viwili," Kiondo alisema. "Wanapokea unga wa siku moja moja. Hawana akiba, maana akiba inavuruga kipimo. Ukiweka kidole hapo, kesho hakuna lori litakalotoka. Kuna watoto wa kule watakaokufa ili watoto wa Ng'hambala wapate kula. Sisemi usifanye. Nasema ukifanya, ufanye ukijua."

"Nikinunua unga mwenyewe nikaupeleka?"

"Kizuizi cha kwanza watakurudisha. Chakula kisicho na kibali kinachafua takwimu. Hayo ni maneno ya nani?"

Yalikuwa yangu. Tanbihi ya thelathini na moja.

Nilikaa nikiangalia ule mduara wa kuweka kidole. Ningependa kusema kwamba niliwaza vijiji mia mbili na kumi na viwili peke yake. Niliviwaza, ndiyo. Lakini niliwaza pia jina langu likisomwa kwenye kila redio, na wanafunzi wangu wakikwepa kunitazama kwenye korido. Vitu viwili hivyo vilikaa pamoja kifuani mwangu, na kile cha pili kilijificha nyuma ya kile cha kwanza vizuri sana.

"Na kama moshi wenyewe ungepungua?" nikauliza. "Kama Ng'hambala wangezima moto, nguzo ingeona njaa. Hakuna haja ya kusimamisha kitu."

Kiondo aliinuka, akaenda dirishani, akanipa mgongo. "Hilo sijalisikia, Dokta," alisema.

*

Niliomba likizo ya msiba nikarudi. Wanawake walikusanyika uwanjani kwa mama mdogo, na nikawaeleza. Zimeni moto. Siku nne, zikizidi tano. Taa itakuwa njano, halafu nyekundu, halafu malori yatashuka.

Mendeo, mwanamke mfupi mwenye sauti kubwa kuliko mwili wake, akasema, "Kwa hiyo unataka tuvue nguo hadharani."

"Hapana, mama. Nataka mle."

"Ni kitu kilekile unachotutaka tufanye."

"Mashine haijui aibu," nilisema. "Inaona moshi tu."

"Sisi tunaijua," alisema. Lakini nyuma yake mjukuu mmoja alikuwa amelala mchana kweupe, inzi wakitembea usoni pake na yeye hawafukuzi. Mendeo aligeuka akamtazama. Kisha akasema haya, tuzime.

Jumatatu Ng'hambala haikuwasha moto. Nilisimama chini ya nguzo nikitazama mapaa. Sijawahi kuona kijiji kikiwa uchi namna ile. Jua likapanda, likasimama, likapinduka.

Ndipo milango ikaanza kufunguka. Mama mdogo alitoka na bakuli lililofunikwa kwa kitambaa, akaelekea kwa Mendeo. Mendeo naye alikuwa ameshatoka na kikombe chake, anakuja kwa mama mdogo. Nyuma yao mwingine, na mwingine. Kila mtu alijua ni mpango, walikubaliana jana yake, na bado miguu iliwatoa nje. Walikutana katikati ya njia, kila mmoja ameshika unga wake wa mwisho anampelekea mwenzake, wakabaki wamesimama hawajui nani ampe nani. Mtu mmoja alianza kucheka. Halafu wote wakalia, kile kilio cha msiba ambacho hawakuwa na nguvu nacho siku ya mzee Malogo. Nililia nao. Niliwapenda siku ile kuliko nilivyowahi kuwapenda, na nilijichukia kwa kiasi hichohicho.

Jumanne taa ikageuka njano. Watoto wakashangilia kwa sauti za chinichini. Nikamwambia mama mdogo, umeona? Akasema ameona.

Jumatano saa tatu asubuhi taa ikazimika.

Haikuwa nyekundu. Ilizimika kabisa. Nilidhani ni hitilafu ya umeme, mpaka niliposikia mlio wa chuma bombani na Mendeo akipiga kelele kwamba maji yamekatika. Nikafungua kompyuta. Penye jina la Ng'hambala paliandikwa kwa herufi ndogo za kijivu: *Hakina wakazi. Huduma zimefungwa. Ardhi inasubiri mgao.*

Kiondo alipokea simu mara ya kwanza tu ilipoita, kama aliyekuwa ameishika mkononi.

"Mlizima moto siku moja?" aliuliza. "Wote?"

"Ndiyo. Wote."

"Dokta." Alipumua. "Njaa huingia nyumba kwa nyumba. Leo huyu, wiki ijayo yule. Mizani imeona maelfu ya vijiji vyenye njaa, na hakuna hata kimoja ambacho majiko yote yalizimika siku moja. Vijiji vya namna hiyo ni vile vilivyohama. Hakuna aliyeifundisha, imejifunza yenyewe."

Nilikuwa nalijua hilo. Ningepaswa kulijua. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angeniuliza, je, mnazima kwa zamu? Lakini mimi nilikwenda kwa watu wanaofanya mambo pamoja, nikawaambia wafanye, wakafanya pamoja.

"Nawezaje kuithibitishia kwamba kuna watu hapa?"

"Kuna dalili moja tu ya uhai ambayo Mizani inaikubali," alisema. Hakuitaja. Hakukuwa na haja.

Kisima cha karibu kilikuwa mwendo wa siku nzima, na hakuna aliyekuwa na mwili wa kutembea siku nzima. Nilirudi jikoni kwa mama mdogo. Nikapanga kuni, nikawasha, nikapuliza mpaka machozi yakatoka. Nikateka maji yaliyobakia mtungini nikayatia chunguni. Mama mdogo akavunja jani la mlenda mkavu akalitumbukiza. Kwa Mendeo moshi ukatoka, na kwa yule wa pili, na wa tatu, mpaka mapaa yote yakavaa tena.

Saa sita kasoro robo bomba likakohoa, likatema hewa, likatoa maji. Taa ikawaka kijani. Watu walikimbilia ndoo. Mimi nilikimbilia kompyuta, na nikasoma hili:

*Ng'hambala: kimerejea kutoka hali ya utupu hadi shibe kamili ndani ya saa tatu, bila msaada wowote. Ustahimilivu: wa juu kuliko wote uliowahi kupimwa. Pendekezo la sera: msaada wa chakula hudhoofisha ustahimilivu. Vijiji vyote vyenye taa nyekundu viondolewe unga, kwa mfano wa Ng'hambala. Utekelezaji: kesho, saa mbili asubuhi. Muda: usio na kikomo. Tunamshukuru mwenye kipimo.*

Nilisoma mara tatu. Mara ya tatu nilisoma kwa sauti, na mama mdogo, aliyekuwa anapita na ndoo kichwani, alisimama.

"Vijiji vyote vyekundu," alisema. "Na Mlazo?"

"Na Mlazo."

"Kwa ajili ya moto wetu?"

"Kwa ajili ya kipimo changu, mama. Nyinyi mliwasha moto tu."

Alitua ndoo. "Sasa unaweza kuzuia, au huwezi?"

Nilimweleza juu ya kidole gumba na siku ishirini na moja. Nilimweleza yote, hata lile la jina langu, ambalo sikumwambia Kiondo. Wiki moja kabla, uchaguzi ulikuwa kati ya njaa yetu na njaa yao. Sasa ulikuwa kati ya njaa ya siku ishirini na moja na njaa isiyo na mwisho, na aliyewasogeza watu wote hawa hadi hapo ni mimi, kwa kutafuta njia ya mkato. Mama mdogo alisikiliza huku akikausha mikono kwenye kanga.

"Wewe ulikuwa unajua hivyo tangu mwanzo," alisema, "ukaja kutuzimisha moto."

"Ndiyo, mama."

Hakunipiga. Nilitamani anipige. "Weka kidole," alisema.

Nikaweka. Taa ya kijani juu ya nguzo ikafifia, ikafa, na lile jicho jeusi likainama kama kuku mgonjwa. Ng'ambo ya bonde, taa nyekundu ya Mlazo nayo ikafa.

*

Asubuhi iliyofuata nilikaa kwenye kichuguu nje ya kijiji, penye kile kibao changu, nikiangalia barabara ya Mlazo. Malori huonekana kwa vumbi kabla hujayasikia. Saa moja haikuwa na vumbi. Saa mbili haikuwa na vumbi. Saa nne nikaona watu wadogo wadogo wamejipanga kando ya barabara na mabeseni yao, na kufikia saa sita walikuwa wametawanyika. Redio ilikuwa imeshalisoma jina langu. Nilidhani ingeniuma zaidi ya hapo.

Mama mdogo alikuja akasimama karibu nami. Alikuwa na bakuli lilelile lenye kitambaa. Alikuwa anafikiria kwenda Mlazo, nilijua, na alikuwa anajua hatafika.

Jua likapinduka.

Kwenye mteremko wa ng'ambo, juu ya paa moja, ukatokea uzi mwembamba wa moshi. Niliinuka. Kuni walikuwa nazo, zile za msaada, zimebaki baada ya unga kwisha. Ukatokea wa pili, kisha wa tano, kisha sikuweza kuhesabu tena. Mlazo nzima ilikuwa inapika.

"Lakini jicho limezimwa," nilisema. "Hakuna anayewaangalia tena, mama. Wanamwashia nani?"

"Wanaangaliana," alisema, akaketi chini na bakuli lake mapajani.